Baiskeli ya Mtu Asiyeliliwa

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyetunga maneno hayo hakuwahi kuolewa Nyabiyonza. Mume wangu hakuwepo, na kila kilicho chake kilikuwepo: sahani yake ya bati, koti lake msumarini, suruali zake sandukuni, na baiskeli yake ya Kichina imeegeshwa ukutani chumbani kwangu, tairi zimejaa upepo, utadhani mwenyewe anaondoka kesho asubuhi kupeleka kahawa. Wazee wa ukoo wakija waliichungulia ile baiskeli kwanza, wakaguna, ndipo wakakumbuka kuniuliza habari za hapa. Mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Aliondoka kwenda vitani mwaka wa sabini na nane na mgambo wenzake, juu ya lori lililojaa matope mpaka kwenye vioo. Vita vikaisha. Wengine walirudi na redio za Uganda na vikohozi visivyopona. Wengine tuliletewa habari zao, tukalia, tukamaliza. Yeye hakurudi na habari yake haikuja. Hakuna aliyemwona akianguka. Mmoja aliapa kwamba alimwona Masaka, ana duka na mke wa Kiganda mwenye nyama zake. Mwingine alisema alimwona akiingia mtoni na wenzake, na upande wa pili hakumwona akitoka. Mimi nilibaki katikati, na mke wa Kiganda mkono huu na maji ya mto mkono huu. Kuna siku nilimuombea uzima na kuna siku nilimuombea mto, na siku zile za mto nilikwenda kanisani kama kawaida, nikaimba.

Sasa elewa jambo moja la kwetu. Kwetu mtu hafi siku anapokata roho. Anakufa siku anapoliliwa. Na wa kwanza kupiga yowe ni mama yake, kama yungali hai. Mke hatangulii, ndugu hawatangulii, jirani akitangulia ataulizwa amejuaje. Yowe la mama likishasikika, kila mtu anaacha alichoshika, hakuna anayelima, watu wanatoka kwenye vibanja vyao vya migomba na kuja. Na kama mwili haupo, tunakata mgomba, tunaulaza kaburini, tunaufukia, na hapo mtu amezikwa na maneno yamekwisha.

Mama mkwe wangu hakulia. Alikataa katakata. Kila jioni alipakua ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye ile sahani ya bati, akaifunika kwa jani, na asubuhi akawapa kuku.

"Mwanangu hajafa," alisema. "Angekufa tumbo hili lingeniambia."

Basi mimi nilikuwa nani? Mjane sikuwa, maana hakuna kilio. Mke sikuwa, maana hakuna mume. Mtoto hatukujaliwa. Mwanamke asiye na mtoto, mume akishaliliwa na matanga yakishaanuliwa, hana cha kushikilia pale: ama arithiwe na shemeji, ama afunge mzigo arudi kwao. Shemeji zangu niliwajua, Mungu anisamehe, na kwetu ni Rugu, hata siyo mbali. Nilitaka kurudi Rugu. Nilitaka mama yule afungue kinywa apige yowe moja tu, ili na mimi niketishwe kwenye majani kama wajane wenzangu, nilie mpaka koo likauke, kisha niende zangu nikaanze upya na damu bado inachemka. Nilimchukia kwa kutolia kwake. Nasema wazi, kwa sababu na yeye alijua. Yeye naye alijua kwamba siku akilia mimi naondoka, na yeye anabaki na migomba. Tuliishi hivyo, tunapika chungu kimoja, tunasalimiana shikamoo na marahaba, na kati yetu kuna kilio ambacho kila mmoja anakisubiri kwa namna yake.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuisukuma ile baiskeli mpaka gulioni kwa fundi, tairi zikajazwe upepo. Kuisukuma, si kuipanda. Fundi alikuwa mzee mwenye maneno mengi, wazazi wake walitoka Burundi kuja kulima mashamba ya kahawa ya watu, na yeye mwenyewe ujana wake aliumalizia Kampala, karakana ya Mhindi. Kutoka huko alirudi na spana nzuri na wazimu mmoja.

"Wazungu wanacheza polo juu ya farasi," alituambia. "Wahindi wa Kampala nimewaona kwa macho yangu wanaicheza juu ya baiskeli. Sisi tucheze juu ya nini? Juu ya mbuzi?"

Akachonga fimbo. Mpini ulikuwa wa mkaratusi, mwembamba, na kichwani aligongomea kipande cha kisiki cha mbuni, kwa sababu mti wa kahawa ukikauka ni mgumu kuliko shemeji. Mpira aliusuka kwa nyuzi za migomba, akauvika tyubu kuukuu. Jumapili baada ya ibada, Wakatoliki kwa Walutheri, wenye baiskeli walikwenda uwanja wa shule, watatu upande huu, watatu upande ule, wakaanza kufukuza ule mpira na fimbo zao huku wakianguka na kutukanana. Lango lilikuwa mawe mawili. Sheria kubwa ilikuwa moja: mguu usiguse chini. Ukigusa, umetoka mchezoni mpaka uendeshe hadi kwenye mkaratusi wa pembeni, uugonge kwa fimbo, ndipo urudi. Watu walikaa ukingoni na rubisi yao ya ndizi kwenye vibuyu wakacheka mpaka machozi.

Jumapili moja nilipita pale nikisukuma mzigo wangu, nikakuta wamepungukiwa. Mmoja baiskeli yake imevunjika uma wa mbele. Fundi akaitazama ya mume wangu kwa jicho la mtu aliyeshinda njaa.

"Dada, mkopeshe huyu, mchezo mmoja tu."

"Hii haipandwi na mwanamume mwingine," nikamjibu.

Walielewa. Anayekalia kiti cha mtu mbele ya watu ndiye mrithi wake. Mwanamume akiikalia siti ile hadharani, ni sawa na kusema mwenyewe amekufa na mkewe amepatikana. Fundi akajikuna kichwa.

"Basi panda wewe. Wewe si mwanamume."

Loo, walivyocheka! Wakacheka wale wa fimbo, wakacheka na wale wa rubisi. Na mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: nikiombwa sifanyi, nikichekwa nafanya. Nikafunga kitenge vizuri, nikapanda.

Kuendesha nilijua. Huko Rugu nilijifunzia baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu chini ya kile chuma cha juu, kama wafanyavyo watoto wote. Lakini kuendesha ni jambo moja, na kuendesha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika fimbo na mbele yako kuna mpira unaodunda kwenye mashimo ya fuko ni jambo jingine. Pigo langu la kwanza nilijipiga kwenye spoku. La pili mpira uliingia chini ya gurudumu, nikaruka juu ya usukani, kitenge kikaingia kwenye cheni kikachanika mpaka pabaya. Siku ile nilicheza na mkaratusi kuliko nilivyocheza na watu. Naweka mguu, naenda kugonga mti, narudi, naweka mguu.

"Usiitazame fimbo!" fundi alipiga kelele. "Fimbo haina pa kwenda, utaitazamia nini? Tazama mpira! Na breki ya mbele iache, mama, utazikwa!"

Alinifundisha kutembeza baiskeli polepole kabisa bila kuanguka, mwendo wa kinyonga, maana mchezo ule hauna haja na mbio kama watu wanavyodhani. Alinifundisha kungoja mpira ufike usawa wa pedeli ndipo nipige, na kugeuza usukani kidogo nje ili gurudumu lisizuie fimbo. Niliporudi nyumbani kiwiko kilikuwa hakina ngozi.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Akakiona kiwiko, akaiona cheni imemeza kipande cha kitenge. Nikajiandaa kwa moto.

"Nimeipanda, mama," nikasema.

Akainuka, akachukua kitambaa, akaipangusa baiskeli toka usukani mpaka keria, taratibu, kama anavyomwogesha mtu mgonjwa. Kisha akasema, "Vizuri. Chuma kisipotembea kinaota kutu. Akirudi aikute iko tayari."

Nilitaka kupiga mayowe mimi. Yaani hata maumivu yangu yalikuwa kazi ya yule mtu! Habari za fimbo sikumwambia na yeye hakuuliza, na tangu siku ile kila Jumapili alinihimiza mwenyewe, "Nenda kaitembeze."

Nikaenda. Jumapili iliyofuata nilifungua sanduku nikatoa suruali yake moja, maana sikuwa na vitenge vya kulisha cheni kila wiki. Ilinikaa sawasawa. Alikuwa mfupi, hilo nitalisema popote. Nikachukua na kofia yake kwa ajili ya jua. Wanawake wa kanisani walisema waliyosema, nikawaachia midomo yao.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza, na anayetaka kuniita mwongo aniite.

Pedeli ya kushoto ya baiskeli ile ilikuwa imepinda kidogo. Kwa sababu hiyo goti la kushoto, upende usipende, linatoka nje kila unapozungusha. Na siti yake ya ngozi ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa uzito wake yeye, miaka yote ile ya kupeleka kahawa. Nikae nitakavyo, baada ya mizunguko michache nilikuwa nimeteleza nimeingia kwenye lile bonde, mgongo umepinda alivyokuwa akipinda yeye, goti nje. Sikuwa najua. Niliona kwenye nyuso za watu. Wale waliomfahamu waliacha kucheka. Mzee mmoja aliyekuwa na kibuyu mdomoni alikishusha, akafanya ishara ya msalaba, akageukia upande mwingine. Kijana wa timu nyingine, mkorofi, aliyekuwa akinibana siku zote mpaka nianguke, alinijia kunizuia, halafu akakwepa ghafla na kunipisha.

Nilimuuliza baadaye mbona alinipisha.

"Sikukupisha wewe, shemeji," akasema, akasukuma baiskeli yake akaenda zake.

Tangu hapo nilikuwa nasikia. Nikiwa peke yangu na mpira, wengine wamebaki nyuma, nilisikia pumzi karibu na sikio ambayo haikufuata pumzi yangu. Mimi navuta, yenyewe inatoa. Naweza kukuambia ulikuwa upepo. Hata wakati ule sikuamini kwamba ni upepo. Nilihisi mtu amekaa pale kabla yangu na sijamwambia aondoke. Nywele zilinisimama mchana kweupe, jua la saa tisa, watu wanapiga makofi.

Ungeogopa ungeacha, utasema. Niliogopa, na sikuacha. Woga wangu haukai peke yake, unakuja na hasira. Nilianza kuzungumza naye. Kimoyomoyo kwanza, baadaye kwa sauti.

"Uko Masaka? Haya, chukua hiyo!" Napiga mpira. "Uko mtoni? Chukua na hii! Sema neno moja, mwanamume wewe! Sema umekufa nikalale!"

Wenzangu walidhani natukana wapinzani, wakafurahi. Na kwa hasira ile nilikuwa hodari. Nilijifunza kupiga hata kwa mkono uliopita upande wa kushoto, juu ya gurudumu, jambo ambalo wanaume wawili tu pale waliliweza. Fundi alinisifu kwa kila aliyeleta pancha. Mimi mwenyewe sikujua anayesifiwa ni nani. Nikifika nyumbani nilivua ile suruali haraka, nikaketi jikoni na kitenge changu, nikajishika magoti yote mawili kuhakikisha ni yangu. Mama mkwe ananiuliza, "Imetembea vizuri?" Namjibu, "Imetembea." Anapakua, anafunika sahani.

Wakati mwingine nilidhani nitamwambia: mama, leo nimekaa naye, hayuko Masaka, anayepumua sikioni mwa mtu mchana hayuko dukani anauza sabuni. Sikumwambia. Sikuwa na haki ya kusema. Haki ya kusema ilikuwa yake.

Siku ile yenyewe mama mkwe hakuwepo nyumbani. Alikwenda Isingiro kumwona mjukuu wa dada yake aliyezaliwa, alisema atalala. Mimi nikamaliza kazi zangu, nikaenda uwanjani. Kumbe huko alipata lori la kahawa linalokuja huku, akaona asilale. Likamshusha barabarani, na barabara inapita juu kidogo ya uwanja wa shule, juu ya ngema yenye mteremko mkali. Akatazama chini.

Tulikuwa tumefungana moja moja. Nilipata mpira upande wa kushoto, nikaupiga mbele, nikaufuata bila haraka, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyenizuia. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Ndipo niliposikia kigelegele.

Kigelegele, nasema, si yowe. Kirefu, cha harusi. Nikainua macho, nikamwona mama anashuka ngema viatu mkononi, kitenge kimefunguka anakiburuta, mzee yule ambaye ngazi mbili za kanisa zilikuwa zikimshinda.

"Amekuja!" alipiga kelele. "Amekuja mwanangu! Si niliwaambia? Si niliwaambia nyie!"

Kila mtu alisimama. Mpira ukaenda zake peke yake mpaka kwenye majani. Mimi tu ndiye niliyekuwa bado natembea, mwendo ule wa kinyonga, goti nje, kwa sababu mguu wangu ulikataa kushuka. Nilikuwa na njia. Ningeweza kukanyaga, nikapita nyuma ya madarasa, nikateremkia kwenye migomba, nikavua ile suruali na kutokea upande wa pili nikiwa mkamwana wake, niseme mama, umeona mwangaza wa jua tu. Angebaki naye. Angepakua sahani mpaka afe. Niliifikiria njia hiyo, nakuambia ukweli, muda wote aliokuwa akinikimbilia mikono imenyooshwa.

Nikaweka mguu chini. Nikavua kofia.

"Mama, ni mimi," nikasema. Na kwa sababu ulimi hauna akili, nikaongeza, "Shikamoo."

Alifika, akaishika ile suruali pale gotini, akakifinya kitambaa chake kwa vidole. Kisha akapandisha macho polepole, kifuani, shingoni, mpaka usoni kwangu, akatazama huko kwa muda mrefu. Nilijua anamtafuta mwanawe. Nikajitahidi nisipepese macho. Nikaona furaha ikimtoka usoni na hakuna kitu kilichokuja kukaa mahali pake.

Kisha akafungua kinywa, akalia.

Nimesikia vilio vingi tangu hapo. Mwaka wa tisini na nne nilisikia vya wakimbizi wa kutoka ng'ambo kule mpakani, vya siku nzima. Sijasikia kama kile. Kilitoka chini, kwenye lile tumbo alilosema lingemwambia. Fundi akalaza fimbo yake kwenye majani, wengine wakalaza za kwao. Huko kwenye vibanja watu walianza kutoka, wanawake wakijifunga vitenge huku wakija, wanaume wakiacha walichokuwa wakinywa. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Miaka yote hiyo walikuwa wakisubiri na wao.

Na mimi? Nilikuwa nimepata. Mjane, hapo hapo, mbele ya mashahidi, kwa kinywa cha mwenye haki. Rugu ilikuwa pale nyuma ya mlima. Nilichofanya, nilitupa baiskeli chini, nikamrukia yule mama, nikamziba mdomo kwa kiganja changu chote.

"Nyamaza!" nilimwambia. "Mama, nyamaza, usilie! Hajafa, atarudi! Mama, atarudi!"

Aliutoa mkono wangu mdomoni mwake bila nguvu yoyote, akaushikilia, akaendelea kumlilia mwanawe. Majirani wakaanza kumwitikia, mmoja baada ya mwingine, na mimi bado nasema atarudi, atarudi, mpaka sauti yangu ikawa haisikiki tena.